Altaneta ya Tatu

Wiki iliyopita fundi wa tatu aliniambia, akiwa bado anafuta mikono na kabla hajafungua kifuniko cha injini, kwamba altaneta ya kampavani yangu, gari langu la kusafiria na kulala, imekufa. "Hiyo ni altaneta tu, bosi." Sikumjibu mara moja, kwa sababu altaneta aliyokuwa akiitolea hukumu, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri, ilikuwa na umri wa miezi miwili, na hiyo nayo ilifungwa mahali pa ile ya tangu kiwandani, ambayo ilihukumiwa kwa mtindo huohuo. Upande wa joto mambo yalikuwa vilevile: thamostati mpya, kifuniko cha rejeta kipya, pampu ya maji mpya, na gari bado linachemsha, au angalau mshale wa geji unadai kwamba linachemsha. Nimechoka kununua vipuri kwa ajili ya watu wanaopiga ramli.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dalili hazikujificha. Asubuhi stata, mota ya kuwashia injini, ilizunguka kwa uvivu hata baada ya safari ndefu ya jana yake. Usiku, kila nilipowasha taa kubwa, mshale wa joto uliruka palepale, na nilipozizima ukarudi ulikotoka. Injini ni chuma kizito chenye lita kadhaa za maji ndani yake. Haiwezi kupanda joto kufumba na kufumbua kwa sababu mtu amewasha taa, wala haiwezi kupoa kwa sababu amezizima. Mshale unaofuata swichi ya taa unazungumzia umeme, hauzungumzii maji. Mafundi wote watatu waliuona mshale ule, na wote watatu wakainama kuangalia rejeta.

Kwa hiyo nilichukua multimita, chombo cha kupimia umeme kinachoenea mfukoni, nikafanya kazi ambayo nilikuwa nimekwisha kuilipia mara mbili. Betri iliyolala usiku kucha bila kuguswa husoma karibu volti 12.6 ikiwa imejaa, na ikisoma 12.2 imebakiza takribani nusu. Yangu ilisoma 12.2 kamili. Niliwasha injini, nikaipandisha hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kisha nikawasha taa, feni na kila kinachokula umeme ndani ya gari. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na kuiruka ni sawa na kutopima kabisa, kwa sababu waya mbovu hauonyeshi ubovu wake mpaka ubebeshwe mzigo. Nimewahi kumwona mtu akipima ukinzani wa waya wakati kila kitu kimezimwa, akapata karibu sufuri, akatangaza kwa fahari kwamba waya ni mzima. Waya uliobakiza nyuzi tano kati ya mia hupita mtihani huo bila jasho, kwa kuwa multimita huupitishia umeme kiduchu mno. Mpe waya huohuo ampea 30 ndipo utakapomjua.

Kati ya ncha ya kutolea umeme ya altaneta na mwili wa altaneta yenyewe nilipata volti 14.3. Hivyo ndivyo inavyosoma altaneta nzima, ile iliyokuwa "imekufa". Kwenye ncha za betri, wakati huohuo, nilipata 12.9. Volti 1.4 zilikuwa zimepotea njiani, na njia zenyewe ni mbili tu: ya kwenda na ya kurudi. Niliweka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri, ikasoma 0.2, jambo ambalo kwa gari la umri huu ninalivumilia. Nikahamia kwenye mwili wa altaneta na hasi ya betri. Ikasoma 1.2, mahali ambapo nisingependa kuona hata 0.2.

Injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha na bodi, ambayo ndiyo njia ya umeme kurudi, ni waya wa arthi wa kusukwa ambao hakuna anayeukumbuka kwa kuwa hauna jina la kutisha wala haufungwi kwenye boksi zuri. Wangu ulikuwa umeoza kwa kutu chini ya bolti, kijani kibichi. Kwa mzigo wangu wa kama ampea 30, volti 1.2 zinazopotea pale ni wati 36 za joto, karibu sawa na kifaa anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi. Kihisi cha joto la maji nacho hupata arthi yake kupitia injini hiyohiyo, kwa hiyo injini ilipotofautiana na bodi kwa volti nzima, geji ilisoma joto lisilokuwepo. Na feni ya rejeta ilipopungukiwa umeme ikazunguka kama inayobembelezwa, hata gari likikwama kwenye msongamano joto la kweli likaungana na lile la uongo. Betri isiyojaa, stata mvivu, geji mwongo na feni iliyochoka vilitoka kwenye waya mmoja.

Nakiri, ingawa ulimi mzito, kwamba altaneta hufa kweli: brashi zake huisha na dayodi zake huungua. Rejeta huziba, hewa hunasa kwenye mabomba, na gasketi ya silinda hedi ikipasuka hakuna waya utakaokuokoa. Tena kwenye Volkswagen za zamani ambazo feni ya kupoza injini imefungwa kwenye shafti ya jenereta, mkanda ukikatika taa ya chaji huwaka na injini hukosa upepo kwa pamoja, na anayejiambia kwamba hiyo ni taa tu ya betri huunguza injini. Ninachokataa ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Kampavani kuukuu ina balaa lake la ziada, yaani wamiliki waliotangulia. Betri yangu ya pili, ile ya friji na taa za ndani, ilikuwa inachajiwa kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 6. Piga hesabu: ampea 20 zikipita hapo, unapoteza zaidi ya volti 0.8 kwenye safari ya kwenda peke yake, na hapo hujagusa ya kurudi. Betri ya namna hiyo huchelewa mno kujaa, na mwenye nayo atashauriwa anunue altaneta kubwa zaidi. Aliyeufunga waya ule aliuviringisha kwa uangalifu mkubwa kwa utepe mweusi, na kazi yake ilipendeza macho kwelikweli. Fyuzi hakuweka.

Nilikata waya wa arthi ulioharibika, nikasugua bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mpya mnene na kuupaka grisi ili unyevu usirudi. Kabla ya kuwasha injini niliitafuta ile altaneta ya kwanza, ya tangu kiwandani, ambayo kwa bahati sikuitupa, nikaifunga. Taa zote zikiwa zinawaka na feni ikivuma, betri ilisoma volti 14.1, na mshale wa joto haukutikisika.