“Used to” ifundishwe kwa kuanzia na Kiswahili chetu

Mwombaji kazi ameketi mbele ya jopo la usaili. Anaulizwa yeye ni mfanyakazi wa namna gani. Anajibu bila kusita: “I used to come to work early, and I used to respect my boss.” Moyoni mwake amesema kwamba yeye huwahi kazini na humheshimu bosi wake. Waliomsikiliza wamepata habari nyingine kabisa: alikuwa akiwahi, alikuwa akimheshimu bosi, na siku hizi ameacha. Hakuna anayemsahihisha. Anashukuru, anatoka.

Simlaumu hata kidogo. Sentensi za namna hii nazisikia kwa watu waliosoma, tena wenye akili zao, na naamini chanzo chake kiko ubaoni. Mwalimu ameandika “used to”, akaweka alama ya sawasawa, halafu “zoea”. Basi. Kwetu mtu akisema “nimezoea kuamka alfajiri”, anaamka alfajiri hata leo. Mwanafunzi aliyepewa tafsiri hiyo ataipeleka wapi kama si kwenye maisha yake ya sasa?

Kinachoniuma ni kwamba tofauti anayoshindwa kuiona kwenye Kiingereza anaitumia kila siku nyumbani. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba “mama huuza vitumbua” si sawa na “zamani mama alikuwa akiuza vitumbua”, wala si sawa na “mama amezoea kuuza vitumbua”. Ya kwanza ni desturi ya sasa, na Kiingereza chake ni chepesi: “My mother sells vitumbua.” Hakuna “used to” hapo. Ya pili ndiyo “My mother used to sell vitumbua”, biashara iliyokwisha. Ya tatu ni “My mother is used to selling vitumbua”: kazi haimpi tabu tena, moshi na kuamka usiku ameshavizoea. “Zoea” ya mwalimu mahali pake ni hapo, nyuma ya “is”, “am” au “are”, na kitenzi kinachofuata kinavaa “-ing”. Kinaweza kufuata hata kitu chenyewe: “I am used to the heat,” joto nimelizoea. Aliyehamia mji mgeni na bado anahangaika atasema “I am getting used to it.”

Neno “zamani” sikuliweka kwa bahati. “Alikuwa akiuza” peke yake linaweza kuwa jambo la saa ileile: nilipofika sokoni alikuwa akiuza vitumbua. Hiyo kwa Kiingereza ni “she was selling”. Kwa hiyo mwalimu asiliache “zamani” likadondoka, maana ndilo linalompeleka mwanafunzi kwenye “used to” yenyewe.

Ile hali ya kwisha inastahili kipindi kizima. Ukimwambia Mwingereza “My grandfather used to tell us stories,” ataelewa kwamba hadithi zimekoma. Labda babu amefariki, labda wajukuu wamekua. Kama babu bado anasimulia, itabidi uongeze “and he still does”. Ukinyamaza, msikilizaji ataufunga ukurasa mwenyewe. Mke akimwandikia ndugu yake “My husband used to love me,” akikusudia kusema mumewe humpenda, barua hiyo itazua kikao cha ukoo.

Lipo pia jambo la muda. Ukishataja umekaa mahali miaka mingapi, “used to” inaondoka: “I lived in Mwanza for three years.” Na kwenye kukanusha, ile “d” ya mwisho haiandikwi: “I didn’t use to drink coffee.” Matamshi nayo yana lake. “Used” ya kutumia jembe ina sauti ya “z”. Hii ya mazoea ya zamani ina “s”, na “d” yake humezwa na “to”, yanatoka pamoja kama neno moja.

Kiingereza cha enzi za Shakespeare kiliruhusu kitenzi hiki kwenye wakati uliopo pia, mtu akasema “he uses to” kwa maana ya “yeye hufanya”. Matumizi hayo yalikufa, ukabaki wakati uliopita tu. Kijana wetu anayesema “I use to wake up at five” hana upungufu wa akili. Anatafuta mahali pa kuiweka “hu-” yake, na Kiingereza cha leo hakina kiambishi kama hicho.

Hapa Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Zipo shule ambako akisikika akiongea Kiswahili anaadhibiwa. Kwa somo kama hili, adhabu hiyo inamnyang’anya mwalimu chombo bora alicho nacho. Mimi ningewaacha wanafunzi waeleze kwa Kiswahili kwanza: bibi hufanya nini siku hizi, zamani alikuwa akifanya nini, na ni nini alichokizoea. Wabishane mpaka zile sentensi tatu zisimame. Ndipo waziandike kwa Kiingereza, kila moja kwenye mstari wake, na ile alama ya sawasawa mbele ya “zoea” ifutwe ubaoni.