Nililea adui miezi minne nikidhani ni dawa

Basi bwana, hii ilinitokea mwaka jana hapa Columbus, Ohio, na mke wangu kaapa nisipoisimulia mwenyewe ataisimulia yeye, na yeye akisimulia kitu anakitia chumvi mpaka kinakuwa nguru, kwa hiyo bora nijianike mwenyewe.

Mimi kwetu Muheza. Tangu nihamie huku kila msimu wa baridi pua yangu inavuja kama bomba la mtaani. Kuna mzee mmoja kazini akaniambia habari za mmea unaitwa yaro, kwamba wazungu wa zamani walikuwa wakinywa chai yake wakipata homa na mafua, na hata yule shujaa wa Wagiriki, Achilles, inasemekana aliwazibia askari wake vidonda kwa majani yake. Hapo tu nikawa nimeshanunua. Paketi moja, mwezi wa nne mwishoni.

Sasa hizo mbegu jamani ni kama ugoro. Nimefungua paketi nje pale kwenye ngazi, kaupepo kakapita, nusu ikapeperukia kwenye changarawe. Nikasema potelea mbali. Nyuma ya paketi wameandika usizifukie, zibonyeze tu juu ya udongo maana zinahitaji mwanga ndo ziote, na usiweke mbolea, mmea unapenda udongo wa kimaskini. Nikacheka. Mtoto wa mkulima nifundishwe kulima na karatasi? Nikazifukia kidole kizima, nikamwaga samadi ya kuku mifuko mitatu, nikamwagilia kila jioni nikitoka shifti hata kama mvua imenyesha.

Wiki mbili, zimeota! Majani yamechanika-chanika kama kwenye picha, kwangu mimi kesi imeisha. Nikayang'oa taratibu na udongo wake nikayapanga mistari, nafasi futi moja moja, miche 23. Mwezi wa saba yamenifika kiunoni, mashina yana vinyweleo, yamesimama kama askari wa gwaride. Paketi ilisema futi mbili au tatu, nikasema hiyo ya ziada ni samadi.

Picha nikarusha kwenye grupu la familia. Mama akatuma voisi ya dakika nne, mwanangu mkono wako ni wa babu yako kabisa, halafu akaanza kuwatangazia watu kwamba mwanawe analima dawa Marekani. Shangazi yangu wa Korogwe akaagiza nusu kilo ya kifua. Nikamjibu subiri nivune shangazi yangu.

Mke wangu ndo pekee aliyekuwa na wasiwasi. Siku moja kasimama pale na kanga yake kiunoni, kaangalia vile vishada vya kijani vilivyotokea juu, virefu, vimejaa vijikombe vidogo vimeinamia chini. "Baba Zuhura, haya maua mbona hayafanani na maua?" Nikamwambia mwaka wa kwanza huo, yanajifunza.

Katikati ya mwezi wa nane ndo moto ukawaka. Naamka asubuhi chafya, naswaki chafya, barabarani chafya mpaka nimepaki pembeni, nilihesabu 14 mfululizo. Macho yanawasha kama nimekatia kitunguu. Nikajua mafua yamewahi mwaka huu, na safari hii yamenikuta na silaha. Nikaenda shambani kwangu kwa madaha, nikavuta kishada kimoja karibu kabisa na pua, nikanusa kwa pumzi zote nilizonazo. Kikanitoka kivumbi cha njano mpaka kwenye sharubu. Nikasema aah, dawa imekomaa hii.

Na mimi sikuishia hapo. Nikakata vishada furushi zima, nikavitia kwenye sufuria ya pilau, nikajifunika blanketi, nikapiga nyungu. Watu wa nyumbani mnaijua nyungu, unatoka umelowa jasho ila unajisikia mwepesi. Mimi nilitoka macho yamevimba kama maandazi, moja limefumba kabisa, pua nyekundu, nahema kwa mdomo. Zuhura wangu, ana miaka mitatu, akaniona akalia akakimbilia kwa mama yake. Mama yake hakuja kunisaidia, alikaa chini sakafuni akacheka kwanza.

Sasa bibi jirani yetu alikuwa kwa binti yake Florida tangu masika, karudi wiki hiyohiyo. Nimetoka nje nitafute hewa, akaniona uso ule, akaja na fimbo yake mpaka kwenye uzio, akaangalia mistari yangu, akanyamaza. Halafu akauliza kwa upole, kijana, kwa nini umepanda ragwidi?

Kumbe hilo ni gugu la hukuhuku, ndo baba wa aleji za mwisho wa kiangazi Marekani nzima, watu wanaling'oa likiwa na majani mawili. Mbegu zake zilikuwa zimelala zake kwenye udongo, mimi nikaja na jembe na mbolea nikaziamsha. Anasema mmea mmoja unaweza kutoa chembe za chavua kama bilioni kwa msimu. Mimi ninayo 23. Imenyweshwa.

Na yaro je? Bibi akageuka, akanyoosha fimbo pale kwenye changarawe karibu na ngazi. Vijani laini vimelala chini kama manyoya ya kifaranga, vimejaa. Miezi yote hiyo nilikuwa navikwangua kwa kiatu na kuvipitishia mashine ya majani! Ukikasugua kamoja mkononi kananukia dawa kweli.

Nikajikokota mpaka famasi, nikapewa vidonge. Nikamuuliza mfamasia, basi nikipona ninywe ile yaro yenyewe sasa? Akaniuliza aleji yangu ni ya nini. Nikamwambia. Akasema hizo mbili ni ukoo mmoja, mtu wa ragwidi anaweza kudhurika na yaro vilevile, kwa hiyo yeye angekuwa mimi angeiacha.

Kwa hiyo ipo pale kwenye ngazi, naiangalia kwa mbali. Yale mengine niliyang'oa nimevaa barakoa na miwani ya kuogelea ya mtoto wa jirani, mke wangu anarekodi dirishani. Grupu la familia sijaliambia kitu mpaka leo. Jana shangazi kaandika tena, anauliza mzigo umefikia wapi.