Projekta haizimwi kwa kuchomoa waya!

Mtaala wa sekondari ulioanza 2020 hapa Uganda unataka TEHAMA iingie katika masomo yote, lakini projekta zinauawa na mazoea mabaya. Kengele ikilia, mtu anachomoa waya ukutani. Feni inasimama papo hapo huku taa bado ni ya moto sana. Joto linabaki ndani na kuila taa. Inauma! Izime kwa rimoti, subiri feni isimame yenyewe, ndipo uchomoe. Na kwa kuwa umeme hukatika wakati wowote, ipitishie kwenye UPS (kifaa chenye betri ya umeme wa akiba), ipate dakika chache za kupoa. Halafu kichujio cha hewa: vumbi jekundu hukiziba, projekta inajizima katikati ya kipindi cha dakika 40, na lawama anabeba mwalimu.