Leseni ya laki mbili na nusu

Mpwa wangu kaniandikia juzi kutoka Mbeya: "Shikamoo mjomba. Ukinirushia laki mbili na nusu, leseni natoka nayo wiki hii hii. Kuendesha nitajifunza mbele ya safari."

Nilishindwa hata kumgombeza. Mimi mwenyewe leseni yangu ya kwanza nyumbani niliipata bila kugusa usukani. Nilitoa ya chai, nikapigwa picha, basi.

Huku Illinois, Marekani, ninakoendesha semi nilifeli mara mbili. Mara ya pili nilisahau kupima kama breki za upepo zinavuja, mtahini akafunga faili lake, akaondoka zake. Nikiwasimulia washkaji wa nyumbani wanasema, unaona, Wazungu hawali rushwa. Hawali? Wamuulize George Ryan.

Ryan alikuwa mfamasia wa Kankakee, kwenye duka la dawa la familia. Akaingia bunge la jimbo, akawa Spika, akawa naibu gavana, na mwaka 1991 akawa Katibu wa Jimbo. Illinois ofisi hiyo ndiyo inayotoa leseni. Chini yake maofisa waliuza leseni za malori, na sehemu ya hela ikaishia kwenye mfuko wake wa kampeni. Novemba 1994, karibu na Milwaukee, chuma cha taa za nyuma kilikuwa kinaning'inia kwenye lori moja. Madereva wengine walimwonya dereva wake kwa redio, lakini Kiingereza hakukijua. Chuma kikachomoka, gari la familia likakikanyaga, tangi likatoboka, moto. Watoto sita wa nyumba moja walikufa. Leseni ya yule dereva ilitoka kwenye soko hilo hilo.

Na msidhani Ryan alikamatwa kesho yake. 1998 wakamchagua gavana! Hapo tuko sawa kabisa na wao.

Tena alikuwa na mazuri yake. Januari 2000 alisimamisha adhabu ya kifo, baada ya watu 13 waliohukumiwa kufa kubainika kuwa hawakustahili hukumu hiyo. Siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, 2003, akawafutia kifo wafungwa 167. Kwetu mtu wa namna hiyo angeshapewa barabara yenye jina lake, na ya leseni yangefukiwa. Wao walimpa miaka sita na nusu. Aliingia gerezani 2007 akiwa na miaka 73, mkewe akafariki 2011 yeye bado mfungwa. Alipokufa mwaka 2025, 91 yake imetimia, habari zilitaja wale 167 na wale sita pamoja. Hilo ndilo ninalowaonea wivu, siyo barabara zao.

Kila alfajiri nazunguka trela na tochi, nikifika nyuma naupiga teke ule mkono unaoshika taa na madigadi. Mpwa nimemtumia ada ya chuo cha udereva, nimelipa chuoni moja kwa moja. Hajanijibu. Naona tiki mbili za bluu tu.