Sayari ni ngapi? Inategemea daftari la nani

Septemba 2025 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kuwa sayari zilizothibitishwa nje ya Mfumo wetu wa Jua zimefika 6,000. Wakati huohuo katalogi ya Paris, orodha nyingine ya sayari za aina hiyo, ilikuwa tayari na zaidi ya 7,000. Hii ya Paris ni ya siku nyingi: Jean Schneider aliianzisha Februari 1995, miezi kadhaa kabla Michel Mayor na Didier Queloz hawajatangaza 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na Jua. Tofauti ya zaidi ya elfu moja si ya kupuuza, na hakuna upande uliodanganya.

Wanatofautiana kwa masharti ya kuingia kwenye orodha. NASA haipokei gimba lenye tungamo linalozidi mara 30 ya Mshtarii, tena husubiri utafiti ukubaliwe na jarida la kitaalamu. Paris hufika mara 60, na huweza kupokea hata ugunduzi uliotangazwa mkutanoni. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia nao unataja mara 13, kiwango ambacho deuteri, aina nzito ya haidrojeni, huanza kuungua kinyuklia ndani ya gimba. Kwa hiyo lipo kundi zima ambalo huyu analiita sayari na yule analiita nyota kibete ya kahawia, yaani gimba lililo kati ya sayari na nyota.

Wanaotetea masharti makali wana hoja nzito. Mwaka 2016 sayari 1,284 zilizoonwa na darubini ya Kepler zilithibitishwa kwa mkupuo. Nyingi hazikuwa zimepimwa tungamo. Lilikokotolewa tu uwezekano wa kila moja kuwa kitu kingine, na ukiwa chini ya asilimia 1, ikapita. Kwa kipimo hicho, hata kumi na kitu kati yake zingeweza kuwa si sayari, na zote zingebeba neno lilelile, “imethibitishwa”.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kuwa Kepler-699 b, Kepler-840 b na Kepler-854 b, zilizokwisha kuhesabiwa kuwa sayari, kwa kila dalili ni nyota ndogo. Kosa lilitoka kwenye nyota zinazozungukwa. Gaia, chombo cha Ulaya cha kupima nyota kutoka angani, kilipopima umbali wao vizuri zaidi, zikaonekana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Gimba linalopita mbele ya nyota hukadiriwa kwa sehemu ya mwanga linayoziba, hivyo nyota ikikua kwenye vitabu, nalo linakua. Haya matatu yalifika upana wa mara mbili hadi nne ya Mshtarii, na sayari haifiki huko. Aliyekuwa amezitumia safu hizo za katalogi, yaani mistari ya taarifa za kila sayari, katika takwimu zake alijenga juu ya namba mbovu bila kujua.

Lakini ukali nao una gharama. Programu ya kompyuta iliyochuja data za Kepler iliitupa Kepler-1649 c kwenye kapu la ishara za uongo. Ilionekana tena kwa sababu watu walilipekua kapu lenyewe, na mwaka 2020 ikatangazwa: upana wake ni mara 1.06 ya Dunia, na mwanga inaopata ni karibu robo tatu ya ule tunaoupata sisi. Laiti kapu lingefutwa, tungeikosa.

Kwa maoni yangu, orodha pana ina faida zaidi, mradi kila safu ioneshe wazi hali yake: imethibitishwa kwa njia gani, na nani, na nani anaipinga. Paris huzigawa zilizothibitishwa, zinazosubiri, zenye utata na zilizofutwa. NASA pia huweka alama kwenye zenye utata na kutunza orodha ya zilizoondolewa. Shida ni kwamba msomaji wa kawaida hufikiwa na jumla kuu tu.

Mfano mzuri una uhusiano na kwetu. Sayari GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009, sasa ina jina rasmi la Enaiposha, la Kimaasai, lililopendekezwa na timu ya Kenya. Huizunguka nyota yake kwa takriban saa 38. Walioigundua waliandika tungamo la mara 6.55 ya Dunia; vipimo vya mwaka 2021 vikasema 8.17. Hakuna mwenye shaka kwamba ipo, ila maelezo ya imeumbwa na nini hubadilika kutegemea safu uliyoichukua. NASA huhifadhi vipimo vya kila timu kivyake, kisha ina jedwali jingine linaloziba mapengo kwa kuchanganya vyanzo, na yenyewe inatahadharisha kuwa namba za huko huenda zisiafikiane. Wengi hupakua hilo la pili kwa sababu limejaa. Mimi ningelificha nyuma ya lile la kwanza.

Suala hili litazidi kuwa zito. Data mpya za Gaia zinatarajiwa Desemba 2026, na wataalamu wanategemea zilete sayari kwa maelfu, nyingi zikiwa kubwa kama Mshtarii au kuizidi. Hapo ndipo mvutano wa 13, 30 na 60 ulipo, na watunza katalogi wangefanya vyema kukubaliana alama za hali ya kila safu kabla mzigo huo haujafika.