Nani Nane Kwenye Friji

Ijumaa ile tajiri wangu alikuwa anaozesha binti yake. Sherehe ilikuwa Upanga, na sisi vijana wa dukani Gerezani tulialikwa wote, tukapewa meza yetu pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Mgeni angesema tumedharauliwa. Sisi tulijua kila sinia linaloelekea kwa wakubwa lazima lipite kwetu kwanza.

Nje ya mlango huo palikuwa na tanduri, lile dude la udongo mfano wa mtungi, makaa yako chini yanawaka. Mpishi anachukua donge, analichapa huku na huku mpaka linakuwa kama ulimi wa ng'ombe, analitandaza juu ya kimto cha kitambaa, halafu anazamisha mkono ndani na kulibandika ukutani. Mle ndani joto linaweza kupita nyuzi 400, na yeye anaingiza mkono kama anatafuta chenji mfukoni. Hata hujamaliza kumhurumia, ameshavuta naan, huo mkate wenyewe, kwa chuma, imevimba, ina madoa meusi, inapakwa siagi.

Naan si chapati, tuelewane. Chapati nayo asili yake India, lakini ilishachukua uraia zamani, ina mpaka ndugu Buguruni. Naan bado inaishi kwa kibali. Ina hamira, ina mtindi, na matunzo yake mimi nilikuwa siyajui.

Wakati wa kuondoka mke wa tajiri akanifungia nane kwenye foili, akazitia kwenye mfuko mbadala. Akanishika mkono ili nimsikilize.

"Usiweke kwenye friji. Weka friza. Ukitaka kula, maji kidogo, frampeni kavu, basi. Umenisikia?"

"Nimekusikia mama."

Sikumsikia. Nilikuwa naangalia bakuli la kuku aliyebaki, nione kama naye anafungwa. Hakufungwa.

Nikafika Tabata saa tano usiku. Nyumbani nilikuwa peke yangu, mke wangu alikwenda Tanga na mtoto kumchukua mama yake aje kututembelea, na walikuwa waje Jumapili. Nikatia foili yangu kwenye friji, nikajitupa kitandani. Simu ikaita. Mtandao ulikuwa unakwaruza kama redio ya betri zilizochoka.

"Baba Zuhura, umesharudi?"

"Nimerudi, na naan."

"Na nani?"

"Eeh, na naan."

"Nakuuliza, umerudi na nani?"

"Si ndiyo nakwambia mama Zuhura, naan! Ya kule harusini. Imeshapoa, nimeiweka ndani. Kesho asubuhi naipasha moto."

Kimya. Halafu akasema, "Haya," akakata.

Sasa, mke wangu hajawahi kukata simu ya usiku bila kuuliza kama nimefunga mtungi wa gesi. Tangu tuoane, hajawahi. Usiku ule hakuuliza mtungi. Mtu mwenye akili angekaa kitandani akajiuliza. Mimi nililala fofofo.

Jumamosi nikaamka na njaa, nikatoa naan moja. Niliigonga mezani ikajibu, ko!

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba friji ndiyo mchawi. Wanga wa unga ukipikwa unavimba na kubeba maji. Ukipoa unaanza kujipanga upya na kuyasukuma maji nje, kama konda anayeshusha abiria wa bure, na ubaridi wa friji ndio unaomharakisha konda huyo. Mkate uliokaa mezani unaweza kuwa laini kuliko uliolala kwenye friji. Friza inagandisha kila kitu kabla konda hajamaliza kazi, ndiyo maana wenye uzoefu wanakimbilia huko. Mimi asubuhi ile nilijua kitu kimoja tu: kigumu, pasha.

Tuna maikrowevu tuliyopewa zawadi ya ndoa, ambayo kazi yake kubwa ni kubeba hotpoti juu yake. Nikatia naan, nikaweka dakika tatu. Ikatoka laini, inafuka mvuke, nikajipongeza. Nikaenda kunawa mikono na kuchemsha chai. Kurudi, nimekuta soli. Niliuma pembe moja nikavuta kwa mikono yote miwili, haikukatika. Nikaachia, ikarudi mahali pake. Maji yake yote yalikuwa yameondoka na ule mvuke niliokuwa naushangilia.

Nikapiga hesabu. Kama tatizo ni mvuke kutoroka, dawa ni kuufungia. Naan ya pili nikaizungushia foili vizuri, nikairudisha humo humo kwenye maikrowevu.

Mimi nafanya kazi Gerezani, cheche nazijua. Wachomeleaji tunapakana nao ukuta. Lakini zile za jikoni kwangu zilikuwa na hasira binafsi. Pa! Pa! Mwanga wa buluu, harufu ya waya, halafu umeme wa jikoni ukakata. Nikavuta plagi kwa ncha ya kandambili.

Mtu mwingine angekunywa chai kavu. Mimi nikachukua ya tatu, nikawasha gesi, nikaiweka juu ya moto wenyewe bila chombo, kwa sababu nilikuwa nimeona tanduri jana yake na nikajiona nimehitimu. Ukingo ukashika moto. Nikaukamata kwa taulo la vyombo, taulo nalo likashika. Nikamwaga jagi la maji juu ya vyote: jiko, taulo, naan, na suruali yangu pekee iliyokuwa imepigwa pasi.

Nikaivua, nikajifunga khanga ya mke wangu niliyoikuta mlangoni. Jina lake, wallahi, lilikuwa "Wangu Namjua".

Hapo ndipo nikasikia geti.

Walikuwa wamepanda basi la alfajiri Tanga, wakashuka Mbezi kwenye kituo cha Magufuli, wakachukua bajaji mpaka kwangu. Jumapili yao ilisogezwa na simu yangu. Mke wangu aliingia bila hodi, nyuma yake Zuhura, nyuma ya Zuhura mama mkwe na kapu la machungwa ya Muheza. Mimi nimesimama katikati ya moshi, kifua wazi, khanga kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu mama mkwe, akiiangalia dari.

"Yuko wapi?" mke wangu akauliza.

"Nani?"

"Huyo huyo Nani! Uliyerudi naye harusini. Ukamweka ndani. Ukasema asubuhi unampasha."

Akaenda chumbani. Nikasikia kabati likifunguliwa, kitanda kikiburutwa, mlango wa choo. Nilitaka kueleza, lakini mwanaume aliyevaa khanga maelezo yake hayana nguvu. Aliporudi amevimba zaidi, nikafungua friji, nikafunua foili, na kwa kuchanganyikiwa nikasema:

"Hawa hapa. Wamebaki watano."

"Kwani walikuwa wangapi?" akauliza Zuhura.

"Nane."

Mke wangu akaiangalia foili. Akaiangalia soli iliyokuwa mezani. Akaniangalia mimi, kuanzia khanga kwenda juu. Akakaa chini sakafuni palipolowa vile vile, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama mkwe hakucheka mbele ya mkwewe, ana adabu zake. Aliomba ruhusa kwenda uani, na huko tukasikia mtu anakohoa kwa muda mrefu sana.

Aliporudi alivua baibui, akaomba frampeni. Akaipasha kavu, bila tone la mafuta. Akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akairushia naan matone upande huu na upande huu, kama mtu anayenyunyizia nguo kabla ya pasi. Akailaza, akaifunika kwa sinia. Nilihesabu kimoyomoyo, haikufika dakika. Akageuza, akafunika tena kidogo. Alipofunua, jikoni pote pakanukia Upanga. Imelainika, imevimba katikati, ukiikunja haivunjiki.

"Baba, hii haikuwa ngumu," akasema kwa upole. "Ilikuwa na kiu."

Akapasha tatu. Kwenye hotpoti akatandika kitambaa chini na kingine juu, ili jasho la mfuniko lisidondokee mkate ukawa uji. Mbili zilizobaki akazitenganisha kwa karatasi, akazifunga zisipitishe hewa, akamkabidhi mke wangu azitie friza. Sikupewa mimi. Suala la friji lilikuwa limeshatoka mikononi mwangu.

Tukala na chai ya tangawizi. Mama mkwe alionja pembe ya kwanza kwa mashaka, ya pili kwa makini, na baada ya hapo hakuongea tena mpaka alipofika ukingoni. Zile tatu, mimi niliambulia robo. Sikulalamika, nilikuwa bado nimevaa khanga.

Nikadhani limekwisha. Jumatatu alfajiri natoka kwenda kazini, nikamkuta Zuhura kibarazani kwa jirani, anamsimulia mama Shabani aliyekuwa anakaanga maandazi.

"Baba alikuwa na nani nane. Watatu akawaunguza, bibi akala watatu, wawili mama amewafungia kwenye friza."

Mama Shabani akasimamisha upawa hewani.

"Nani?"

"Eeh," akasema Zuhura.