Mkija Lamu na madodoso yenu, kaeni kwanza barazani

Tangu hii bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ianze kuzungumzwa, watu wa Lamu tumeulizwa maswali mpaka basi: uvuvi, ardhi, mikoko, ndoa, usalama, chanjo, kila kitu kina fomu yake na kijana na tableti yake anapiga hodi. Mimi siwakatai. Nimesomea sosholojia, hiyo kazi ya kukusanya data nimeifanya, na naamini dodoso, yaani hiyo fomu ya maswali, ni chombo cha maana sana. Lakini linavyotumiwa hapa kwetu linaniuma.

Dodoso nalo nilipe haki yake kwanza. Ukitaka kujua nyumba ngapi Kizingitini hazina maji ya bomba huwezi kupiga gumzo na kila mtu mpaka mwaka uishe. Dodoso linauliza watu mia tano swali lile lile kwa mpangilio ule ule, unaweza kulinganisha Faza na Amu na Witu, na mwenzako akija baada ya miaka mitano anauliza yale yale aone nini kimebadilika. Sensa ya 2019 ndio iliyotuambia kaunti nzima tuko watu 143,920, na idadi ya watu inaingia kwenye hesabu ya mgao wa pesa za kaunti, kwa hiyo si mchezo. Halafu kuna mambo mtu hawezi kuyatamka, kama ya unga, yaani dawa za kulevya, na vijana wetu, lakini mpe karatasi isiyo na jina, ajaze peke yake, atakuandikia yale ambayo hata mamake hajui.

Sasa njoo kwenye swali la kipato. Karibu kila fomu inalo: "Kwa mwezi unapata kiasi gani?", chini yake visanduku. Nilimuuliza nahodha mmoja mtu mzima, akaniangalia akasema, "Mwanangu, mwezi gani? Wa kusi au wa kaskazi?" Na ana haki, kusi ikishika bahari inachafuka, vyombo vidogo vinakaa na mtu anaishi kwa daftari la dukani, kaskazi ikiingia huenda wiki moja tu akapata kile ambacho hakukipata miezi miwili, na hicho pia si chake chote, manake kwanza inatolewa petroli na barafu, chombo kina fungu lake, ndio mabaharia wanagawana kilichobaki. Aweke tiki wapi? Anachagua kisanduku cha katikati ili mgeni aende zake salama, na ripoti ikitoka unasoma "wastani wa kipato cha mvuvi wa Lamu". Mwaka 2018 Mahakama Kuu pale Malindi iliamua wavuvi karibu 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari hiyo. Niambieni, fidia kama hiyo mtu ataigawa vipi kwa haki ikiwa kipato kiliulizwa hivyo?

Vile visanduku vya kutoka "nakubali kabisa" mpaka "sikubali kabisa", alivyovianzisha mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert mwaka 1932, navyo vina mtihani wake. Muulize bibi wa Lamu ameridhika kiasi gani na maisha yake, atamshukuru Mungu kwanza, hata kama jana hakupika. Karani anaweka "nimeridhika sana". Bibi hakudanganya, ametimiza adabu yake mbele ya mgeni, na ungekaa naye kidogo angekueleza mwenyewe habari ya mguu na ya mjukuu aliyerudishwa kwa karo.

Anayeuliza pia ana uzito. Mgeni kutoka Nairobi anapewa jibu la heshima, mtoto wa jirani anapewa jibu la tahadhari kwa sababu mtu anajua kesho litafika kwa shangazi yake, na mwanamke akiulizwa mambo ya nyumbani huku mavyaa wake ameketi pale pale basi usitegemee chochote. Na ile programu ya simu ikichukua eneo la nyumba bila maelezo, kwa hali ya usalama tuliyopitia hapa, watu wanajifunga kabisa.

Wala si Lamu tu. Miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakaingia hoteli na mikahawa zaidi ya 250 na kukataliwa mara moja tu, kisha akawaandikia wenye biashara kuwauliza kama wangepokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana! Mdomo na mkono vilikwenda njia mbili. Na siku hizi kuna hizi fomu za kutumiana WhatsApp, eti ndio "maoni ya wakaazi wa Lamu", wakati baharia wa Ndau hata bando hana. Jarida la Marekani, Literary Digest, walikusanya majibu zaidi ya milioni mbili mwaka 1936 na bado wakakosea, wakatabiri Roosevelt atashindwa uchaguzi wa urais, kwa sababu waliowatumia karatasi walikuwa zaidi watu wa simu na magari, na wengi hawakuzirudisha.

Ninachotaka ni hiki. Kabla swali halijaandikwa, mtafiti akae barazani na wavuvi, akae na kina mama, asikie pesa zinahesabiwa kwa msimu au kwa safari, ndipo atunge visanduku. Fomu ijaribiwe na watu wachache hapa hapa, wala si na wanafunzi wenzake chuoni. Matokeo yarudi, hata ukurasa mmoja wa Kiswahili usomwe pale BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi, watu waseme wapi pamekosewa. Na mtu akiuliza haya majibu yangu yanaenda wapi asionekane msumbufu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki hiyo, karani amjibu kabla ya swali la kwanza.